Rangi, jua na kitambaa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara karakanani Kisumu

Sisi ni mafundi wa batiki na nili, ile rangi ya buluu, hapa Kisumu. Mteja akishajua bei, swali linalofuata karibu kila mara ni moja: hii rangi itadumu? Jibu lake halienei mezani wakati watu wengine wamepanga foleni, ndiyo maana nimeliandika hapa pamoja na maswali mengine yanayolizunguka. Wateja wetu kadhaa ni walimu na wanafunzi, kwa hiyo nimeingia ndani ya sayansi pale swali lilipodai.

Mama, rangi iko kwenye kitambaa au iko kwenye mwanga?

Inahitaji vyote viwili. Mwanga wa jua tunauona mweupe, lakini ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Isaac Newton alilionyesha hilo kwa mche wa kioo katika miaka ya 1660, na mwaka 1704 akalitoa kitabuni. Jicho la binadamu huona mawimbi yenye urefu wa takriban nanomita 400, upande wa urujuani, hadi nanomita 700, upande wa nyekundu. Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni.

Mwanga huo ukiangukia leso nyekundu, rangi iliyomo hufyonza buluu na kijani. Nyekundu haifyonzwi, nayo ndiyo inayorudi machoni. Chukua leso hiyo hiyo uimulike gizani kwa taa inayotoa kijani pekee: utaiona nyeusi, kwa sababu hakuna nyekundu ya kurudishwa.

Ni nini kinachoamua rangi ipi ifyonzwe na ipi irudi?

Elektroni. Mwanga huja kwa vipande vidogo vya nishati viitwavyo fotoni, na wimbi likiwa fupi fotoni yake huwa na nguvu zaidi. Fotoni ya nanomita 350 ina nishati mara mbili ya ile ya nanomita 700. Elektroni iliyo ndani ya molekuli haipokei kila fotoni inayopita. Hupokea ile inayotosha kuipandisha kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine.

Molekuli nyingi za rangi za vitambaa zina mnyororo wa kaboni ambao vifungo vyake, vile vinavyoshikanisha atomi, hupishana: kimoja cha kawaida, kinachofuata maradufu, kisha cha kawaida tena. Kwenye mnyororo kama huo elektroni hazikai na atomi moja, zinaenea mnyororo mzima, na urefu wa mnyororo ndio unaoamua. Ni kama nyatiti: uzi mrefu hutoa sauti nzito, uzi mfupi hutoa sauti nyembamba. Ethilini, molekuli yenye kifungo maradufu kimoja tu, hufyonza mawimbi ya karibu nanomita 170, mbali sana na uwezo wa jicho, kwa hiyo haina rangi. Beta-karotini, ile ya karoti na maembe, ina vifungo maradufu 11 vinavyopishana hivyo, nayo hufyonza karibu nanomita 450, yaani buluu. Ondoa buluu kwenye mwanga mweupe na utabaki na rangi ya machungwa.

Ukumbuke huo urefu wa uzi, maana kupauka kote kunaanzia hapo.

Basi jua linafanya nini hadi rangi ipauke?

Linakata uzi.

Fotoni ikishafyonzwa, nishati yake lazima iende mahali. Mara nyingi mno hugeuka joto papo hapo, na hiyo ndiyo sababu shati jeusi linachoma mgongoni saa saba mchana. Lakini mara chache molekuli iliyopandishwa hukutana na oksijeni kabla haijatulia. Oksijeni huipokea nishati hiyo, ikawa kali kuliko kawaida yake, ikashambulia mnyororo wa rangi na kuuvunja. Vipande vinavyobaki ni vifupi. Bado vinafyonza mwanga, ila sasa ni urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Tunasema rangi imetoka, ilhali masalia ya molekuli yanaweza kuwa bado yamo kwenye nyuzi za pamba. Yamepoteza tu ule urefu uliokuwa ukigusa mwanga tunaouona.

Mwanga usiofyonzwa haufanyi badiliko lolote la kikemikali. Hiyo ni kanuni iliyojulikana tangu karne ya 19, na huitwa kwa majina ya Grotthuss na Draper. Maana yake kwa mnunuzi ni nzito: kazi ile ile inayoifanya rangi ionekane ndiyo inayoimaliza. Hakuna rangi ya kitambaa isiyopauka kamwe, na muuzaji anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Hata hivyo molekuli hazilingani. Ile inayoweza kuitupa nishati haraka ikawa joto huishi muda mrefu, na nili ni hodari kwa hilo. Huko Huaca Prieta nchini Peru wachimbuzi wa mambo ya kale walipata vipande vya pamba vyenye umri wa takriban miaka 6,000, na vipimo vikaonyesha kwamba vilitiwa nili. Manjano ya jikoni iko upande wa pili kabisa, na nitaifikia.

Kwa nini nguo zinapauka haraka hivi Kisumu? Na Nakuru je, si kuna baridi?

Mstari wa Ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri linakaa karibu wima juu ya utosi, kwa hiyo miale yake inapita kwenye hewa na ozoni kwa njia fupi kuliko zote, na urujuanimno mwingi zaidi unafika chini. Kisumu pia iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Nakuru iko kwenye takriban mita 1,850, na kila mita 1,000 unazopanda huongeza urujuanimno kwa karibu asilimia 10. Baridi ya Nakuru isikudanganye: joto la hewa na ukali wa urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Wala mawingu mepesi hayazuii mengi.

Pazia langu liko ndani, nyuma ya kioo. Mbona limepauka mistari mistari?

Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia urujuanimno mkali wa chini ya nanomita 315 hivi, lakini hupitisha sehemu kubwa ya ule wa kati ya nanomita 315 na 400, pamoja na karibu mwanga wote unaoonekana. Mistari unayoiona ni mikunjo ya pazia. Sehemu iliyojitokeza ilipokea mwanga, iliyojificha ndani ya kunjo haikuupokea.

Makumbusho mengi duniani huonyesha vitambaa vya zamani kwa mwanga wa luksi 50 tu; luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga. Jua la mchana hufika karibu luksi 100,000. Piga hesabu: saa moja juani ni sawa na saa 2,000 kwenye chumba cha makumbusho, yaani siku 250 za saa nane nane, na hapo urujuanimno haujahesabiwa. Weka bitana nyeupe upande wa dirisha. Inarudisha mwanga mwingi kabla haujafika kwenye rangi.

Nikianika nguo, nifanye nini?

Igeuze nje ndani, uianike kivulini penye upepo. Kitambaa cha pamba kikiwa kimelowa kinapauka haraka zaidi juani kuliko kikiwa kikavu, kwa rangi nyingi, kwa sababu unyevu husaidia ile kazi ya kuvunja mnyororo. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni zile za kwanza kwenye kamba, nguo inapochuruzika.

Mbona kitambaa kilicholowa kinaonekana kimekolea?

Hakijaongezeka rangi hata kidogo. Kati ya nyuzi kavu mna hewa, na kila mwanga unapovuka kutoka hewani kwenda kwenye uzi, sehemu yake hutawanyika na kurudi ikiwa nyeupe kabla ya kukutana na rangi. Weupe huo ndio unaofanya kitambaa kikavu kionekane kimechujuka. Maji yakijaza nafasi za hewa, tofauti kati ya uzi na kilichouzunguka inapungua, mwanga unatawanyika kidogo, unazama ndani zaidi na kufyonzwa zaidi. Sisi mafundi tumefundishwa na wakubwa wetu kutohukumu rangi kabla kitambaa hakijakauka kabisa.

Nilikuja kuangalia mkitia nili, kitambaa kikatoka kijani. Mliharibu?

Hapana, uliona sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii.

Nili ya buluu haiyeyuki majini, kwa hiyo haiwezi kuingia ndani ya pamba ikiwa ilivyo. Ndani ya pipa tunaweka kostiki, ambayo ni alkali kali, na unga uitwao haidro. Haidro huipa nili elektroni, ule mpangilio wa vifungo katikati ya molekuli unabadilika, uzi wa nyatiti unafupishwa, na buluu inapotea. Sasa inayeyuka, ina rangi ya manjano inayoelekea kijani, na inapenya kwenye nyuzi. Juu ya pipa unaona povu lenye utando wa buluu yenye kung'aa kama shaba, kwa kuwa sehemu hiyo inagusa hewa. Chini yake maji ni manjano kabisa.

Ukikiinua kitambaa, kinatoka kijani kibichi. Halafu kingo zinaanza kugeuka, kisha pale pindo lilipokaa juu, na kwa dakika chache buluu inatambaa hadi kwenye mikunjo. Oksijeni ya hewani inazichukua elektroni zile, mpangilio unarudi, nili inaanza tena kufyonza rangi ya machungwa, karibu nanomita 600, na kwa kuwa haiyeyuki tena inabaki imenaswa ndani ya uzi. Mikunjo iliyobanana hubaki kijani muda mrefu kidogo, na ndipo unapoifungua kwa vidole huku umevaa glavu.

Tazama kwamba oksijeni ni ile ile. Kitambaa kikitoka kwenye pipa inaijenga rangi, kwenye kamba ya nguo inaibomoa. Kinachotofautisha ni mwanga.

Kwa miaka mingi nili ilitoka kwenye mimea pekee. Adolf von Baeyer wa Ujerumani alifumbua muundo wake, akapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1905, na tangu 1897 nili ya kiwandani ilikuwa tayari sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata mchanganyiko wa zambarau. Ikawa ndiyo rangi ya kwanza ya kiwandani kuvuma. Sisi tunaoishi kando ya ziwa lenye mbu tunaweza kuelewa kwa nini kwinini ilitafutwa kwa bidii hivyo.

Kama nili ni imara, mbona jinzi inachujuka?

Inasuguliwa. Nili hukaa zaidi upande wa nje wa uzi, na kiini hubaki cheupe. Magoti na mifuko vikisuguliwa, tabaka la nje linaondoka. Jua lina lawama ndogo hapo.

Mabango ya kinyozi na saluni mbona yote yanageuka buluu?

Simama mbele ya bango lililokaa nje miaka michache, upande unaopigwa na jua la jioni. Midomo ya wanamitindo imepoteza wekundu, ngozi zimekuwa za kijivu-buluu, nywele nyeusi ziko vile vile. Picha iliyochapishwa hutumia wino nne: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Majenta na manjano kwa kawaida ndizo dhaifu mbele ya jua, nazo hutangulia. Nyeusi ni masizi ya kaboni, na jua haliyawezi. Samawati ni thalosianini, pigmenti yenye atomi ya shaba katikati ya molekuli, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1930, nayo ni sugu sana. Zinabaki mbili, na mji mzima unaonekana umepakwa buluu.

Ukichora bango la duka lako, mwambie fundi aandike jina na nambari ya simu kwa nyeusi au buluu. Nyekundu ya bei rahisi itakuacha bila wateja.

Mtoto amemwaga mchuzi wa manjano kwenye shati la shule. Nitumie jiki?

Subiri kwanza. Osha doa kwa sabuni ya kipande, na usishtuke likigeuka jekundu: sabuni ni alkali, na kemikali ya manjano iitwayo kurkumini hubadilisha mpangilio wa elektroni zake ikikutana na alkali. Suuza, litarudi manjano. Kisha lianike juani likiwa limelowa. Kurkumini ni dhaifu mno mbele ya mwanga, na doa ambalo sabuni ilishindwa nalo hufifia siku hiyo hiyo au kesho yake. Hiyo pia ndiyo sababu hatutii vitambaa manjano ya jikoni, hata wateja wakiiomba kwa kuwa ni ya asili. Kuwa ya asili hakuifanyi idumu.

Jiki nayo huvunja mnyororo kama jua, lakini bila mwanga, na haichagui: itakula doa, itakula pia rangi ya nembo ya shule, na ikizidi hudhoofisha pamba yenyewe.

Sabuni za unga zinafanyaje nguo nyeupe ing'ae kuliko mpya?

Nyingi zina kemikali inayofyonza urujuanimno na kuutoa tena kama mwanga wa buluu unaoonekana. Buluu hiyo hufunika umanjano wa nguo kuukuu. Bluu ya kufulia ya zamani hufanya kazi nyingine: inapunguza manjano inayorudi, kwa hiyo nguo huonekana nyeupe lakini haiongezi mwanga.

Reflekta za watu wa bodaboda, zile za manjano kali, hutumia ujanja huo wa kwanza. Zinageuza urujuanimno na buluu kuwa manjano-kijani, ndiyo maana zinaonekana kana kwamba zimewashwa, hasa alfajiri. Molekuli zake zinafanya kazi kubwa na huchoka mapema. Reflekta iliyopauka ikawa rangi ya maziwa haimlindi tena mwendeshaji mchana, hata kama mistari yake ya fedha bado inarudisha taa za magari usiku. Tafadhali inunuliwe nyingine.

Nilichagua rangi dukani, nilipofika nje ikawa nyingine. Niliibiwa?

Si lazima. Taa nyingi za dukani hazina mawimbi yote kwa kiasi sawa na jua. Vitambaa viwili vyenye rangi tofauti za kikemikali vinaweza kulingana chini ya taa na kuachana juani. Toka navyo mlangoni kabla hujalipa, hasa ukitafuta uzi wa kushonea au bitana ya kufanana.

Kuna rangi yoyote isiyojali jua?

Udongo mwekundu. Nyumba zinazopakwa udongo huo Vihiga na Kakamega hupoteza rangi kwa mvua na mikwaruzo, jua haliwezi nazo. Wekundu wake ni wa oksidi ya chuma: chuma ambacho kimekwisha kuungana na oksijeni, na hakina mnyororo wa kaboni wa kukatwa. Tatizo ni kwamba ni chembe ngumu isiyoshika pamba yenyewe bila gundi, kwa hiyo kwenye nguo haikai vizuri.

Na ndege? Heroe wa Nakuru hawapauki?

Wanapauka. Heroe, wale flamingo, hawazaliwi na uwaridi; makinda yao ni ya kijivu. Rangi hutoka kwenye karotini za mwani wanaokula kwenye maziwa ya magadi, na ni jamaa wa karibu wa ile karotini ya karoti yenye mnyororo mrefu. Unyoya ukishakomaa ni kitu mfu, hauwezi kujitia rangi upya kutoka ndani, na jua huutafuna hadi ndege anyonyoke na kuota mwingine. Tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda miaka ya 2010, mwani ulipungua na wengi walihamia Bogoria, kwa hiyo anayetaka kuwaona kwa wingi aulize kwanza.

Mdiria wa buluu wa pale Dunga, kando ya ziwa, ni habari tofauti kabisa. Hana pigmenti ya buluu. Ndani ya unyoya mna vitundu vidogo kuliko wimbi la mwanga, vilivyopangwa kwa namna inayorudisha buluu kwa nguvu. Saga unyoya huo na buluu inatoweka. Hapo hakuna molekuli ya buluu ya kukatwa na jua, na mimi ningetoa mengi kujua kuitengeneza pamba hivyo.

Ni kweli uchafu wa ziwa umeua rangi za samaki?

Kwa furu, ndiyo, kwa njia isiyotarajiwa. Furu ni wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, waliokuwa na mamia ya spishi. Majike wengi huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti kutoka upande wa Tanzania ulioonyesha kwamba maji yakijaa mwani na matope, mwanga unaofika chini hubaki na rangi chache, jike hatofautishi tena dume wa buluu na dume mwekundu wa spishi jirani, na spishi zinachanganyika. Mmoja wa hao wekundu anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mbuta, yaani sangara, alikula furu wengi, hilo wavuvi wanalijua. Lakini pigmenti inaweza kuwa nzima kwenye ngozi ya samaki na bado isiwe na kazi, kwa sababu mwanga wa kuirudisha umefyonzwa juu yake na maji.

Nitajuaje kabla ya kununua gora zima?

Omba kipande cha upana wa kiganja. Funika nusu yake kwa kadibodi iliyobanwa vizuri, kitundike mahali panapopigwa na jua la mchana bila kunyeshewa, na uandike tarehe. Viwandani hulinganisha na vipande vya sufu ya buluu vyenye madaraja 1 hadi 8, ambapo kila daraja hustahimili mwanga takriban maradufu ya lililotangulia. Nyumbani unaweza kuweka kando kipande cha kitambaa unachokiamini, vipauke pamoja. Baada ya wiki mbili ondoa kadibodi, uvitazame nje, si chini ya taa. Mpaka ukionekana wazi, hicho ni kitambaa cha kuvaa jioni au cha ndani ya nyumba, usikishonee pazia wala sare ya shule. Usipoonekana, rudisha kadibodi pale pale ungoje wiki nne nyingine. Ukituletea kipande, tutakitundika ukutani pamoja na vyetu.